Nilimpa Mama Mkwe Simu Anifichie

Mshauri wetu mpendwa, kabla ya yote pole kwa kazi ya kusoma barua za watu kama mimi, naomba msaada wako, na ukicheka naomba ucheke kidogo, maana hapa nilipo maji yamenifika shingoni na aliyefungulia bomba ni mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi seremala, natengeneza vitanda, makabati na milango, na karakana yangu iko uani kwangu chini ya bati, karibu na dirisha la chumba cha mama mkwe, aliyehamia kwetu tangu magoti yaanze kumsumbua. Zamani nilifungua ukurasa mtandaoni wa kuonyesha kazi zangu nikidhani ni biashara, na mwanzo ilikuwa biashara kweli, lakini ikafika mahali nachonga jani moja la ua, naweka patasi chini, napiga picha, naposti, nakaa juu ya rundo la maranda nasubiri laiki, zikija nyingi nachonga jani la pili, zikija chache nanuna mpaka chakula cha mchana na mke wangu akiniuliza nina nini nasema kichwa kinauma. Halafu kuna wale mafundi wa kwenye simu, wana mashine zinazokata mbao kama siagi na karakana zao hazina hata vumbi, nikiwaangalia naiona mikono yangu kama ya kuazima, na kichwa changu kilichokuwa hakimalizi wiki bila kubuni mtindo mpya kikakauka kabisa, nikawa nanakili tu ninachokiona, hadi siku mwalimu mmoja alipokuja kuchukua kabati lake akalizunguka, akasema ni zuri, ila dada yake analo, na wifi yake analo, na daktari wake wa meno analo, akauliza kama mafundi wa siku hizi wote tumezaliwa na mama mmoja.

Na kubwa kuliko yote, mganga hajigangi, kitanda tunacholalia mimi na mke wangu kililiwa miguu na mchwa, tukaikata, tukaweka matofali manne, nikaahidi kutengeneza kipya wiki ileile, na wiki ileile imegeuka miaka. Zamani mke wangu alikuwa akiniuliza kitanda kimefika wapi. Baadaye akaacha kuuliza, na wewe ni mtu mzima, unajua mke akiacha kuuliza maana yake ni nini.

Nikaamua kuacha mtandao. Nikaandika tangazo refu la kuaga, kwamba naipumzisha akili na tutaonana Mungu akipenda, halafu nikashinda siku mbili nasoma watu wanavyonililia, wengine wakaniombea dua, mmoja akaandika, kwani ulikuwepo, na huyo nikajibizana naye mpaka chaji ikaisha. Nikaona kwa mwendo huu siendi popote, dawa ni kumkabidhi simu mtu nisiyeweza kumwomba kitu mara mbili. Mke wangu ningembembeleza, rafiki ningemdanganya kwamba nina mgonjwa hospitali, lakini mama mkwe, nani atamwendea mama mkwe amwambie mama, naomba simu kidogo nikaangalie laiki? Na yeye mwenyewe ana kile kisimu cha tochi ambacho hukitumia zaidi kwa tochi. Basi nikaenda kwa adabu zote nikamkabidhi, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia sandukuni, akageuza ufunguo, nikashusha pumzi.

Mshauri, nisikufiche, nilipona. Mwanzoni nilikuwa naipapasa mfukoni kama ulimi unavyotafuta pengo la jino, lakini baadaye nikaanza kulala usingizi wa maana, nikaacha kununa, na asubuhi moja tunakunywa chai, sina cha kuangalia, nikamwangalia mke wangu. Alikuwa amenipa kisogo anakoroga sukari, nywele zimesukwa upya, mistari inaanzia juu ya masikio inapinda inakwenda kukutana shingoni, nikaiacha chai pale pale, nikaenda karakanani nikaichora vilevile kwenye ubao wa kichwa cha kitanda chetu kipya, nikaichonga, na jioni ile nilikuwa naimba. Sikumwambia mistari ni ya nani. Nilitaka kitanda kiishe aitambue mwenyewe.

Hapo ndipo wateja wakaanza kumiminika, wengi kuliko zamani, na kila anayeingia anachungulia nyuma yangu na kuuliza mama yuko wapi. Mimi nikadhani wanamuulizia mke wangu. Ni yule mwalimu wa kabati aliyenionyesha kwenye simu yake. Mama mkwe yuko dirishani, kilemba kimekaa sawasawa, anakwenda hewani mubashara kila siku, anaonyesha mgongo wangu nikiranda, na anaueleza ulimwengu kwamba huyu mkwe wangu mnayemwona hapa anakoroma, na mende humkimbiza, na binti yangu analala juu ya matofali. Namba ya siri ya simu ni mwaka wa harusi yetu, ambao mimi ndiye huusahau na yeye ndiye hunikumbusha. Mteja akiandika kuuliza bei ya kitanda, kwanza anaulizwa mama yake ameamkaje, halafu anaulizwa kitanda cha futi sita atalala na nani na mbona hajaoa. Wamempa jina, wanamwita Mama Msasa, kwa sababu hakuna anayetoka kwake bila kulainishwa, na wafuasi wamezidi nilioacha mimi mara nne.

Nilipiga moyo konde nikaenda mpaka mlangoni kwake, nikasimama, nikakohoa, nikasema, mama, ile simu. Akaniangalia kwa upole tu, akasema, "Mwanangu, humu watu huniamkia." Sikuelewa hilo linahusianaje na simu yangu, nikasema haya mama, nikarudi kuranda.

Sasa balaa lenyewe. Wafuasi wake wamekiona kitanda chetu, wakasema ile mistari haionekani vizuri kwenye simu, panafaa maua, na mama ametangaza kwamba Jumamosi atakizindua mubashara, na kabla ya hapo watu wapige kura, mistari au waridi. Mimi simu sijaigusa, hilo naapa, ila upepo ukivuma sauti hutoka dirishani, na kwa kupita tu nimesikia kwamba waridi lina kura mia saba na mistari mia mbili na kumi na nne, na kuna mzee kaandika kwamba mkono wangu una baraka, karudia mara mbili. Benchi langu nimelisogeza karibu na dirisha kwa sababu ya kivuli. Na waridi nimeshalichora kwa penseli juu ya ile mistari, kulijaribu tu, patasi bado sijaishika.

Juzi mke wangu kaja karakanani, kaliangalia lile waridi la penseli, kaangalia dirishani, akaniuliza, "Kitanda hiki umenitengenezea mimi au umewatengenezea wao?" Nikamjibu kwamba wateja ni wateja. Akasema kikionyeshwa Jumamosi yeye hakilalii, kitalaliwa na wafuasi, akaingia ndani, na tangu siku hiyo anakitandika kile cha matofali vizuri sana, anakunja pembe za shuka, anapiga mito, kama mtu aliyekubali kuzeeka juu yake, na mimi moyo unaniuma.

Mshauri, nifanyeje? Nikimnyang'anya mama mkwe simu nitaonekana sina adabu, na nikiishika tu najijua, nitarudi kulekule kwenye kununa. Nikiacha Jumamosi ipite kitanda kitapata jina na mimi nitapata wateja, lakini mke ndio huyo. Na kuhusu mistari na waridi, kama na wewe una maoni nitashukuru.

Ni mimi,
Fundi wa Matofali Manne


JIBU

Fundi, nimecheka kidogo kama ulivyoomba, halafu nikaisoma barua mara ya pili nikacheka kwa hiari yangu mwenyewe. Pole. Kuacha kitu ulichokizoea si mchezo, na wewe ulifika mahali ambapo wengi wanaosoma safu hii hawajafika. Huruma yangu imeishia hapo.

Unaniapia kwamba simu hujaigusa, kisha unaniletea matokeo ya kura mpaka ile kumi na nne ya mwisho. Upepo gani huo uliokwenda shule? Hujaacha mtandao wewe, umemwajiri mama mkwe akuangalizie, na mshahara humlipi. Na hilo benchi usinitajie kivuli. Karakana yako umesema iko chini ya bati, kivuli kimejaa kote.

Ulikuwa umepona, na ushahidi umeuandika mwenyewe kisha ukaupita mbio kama mtu anayedaiwa. Uliinua macho ukamwona mke wako. Mtindo ambao ulikuwa unautafuta kwenye simu za watu ulikuwa unakoroga sukari mbele yako, na ulipouona tu mkono ukakumbuka kazi, jioni ukaimba. Leo watu mia saba ambao hawajawahi kunywa chai mezani kwako wanasema waridi, na wewe penseli hiyo. Waridi liko kwenye kila kitanda mjini. Lichonge, na yule mwalimu atarudi kukuuliza tena mlizaliwa na mama gani.

Tena eti ulitaka mkeo aitambue mistari mwenyewe. Baba, nani amewahi kukiona kisogo chake? Huyo mama wa watu atauangalia ule ubao mpaka Jumamosi saba zipite, ataona mistari, basi. Alipokuuliza kitanda ni cha nani alikuwa amekufungulia mlango wazi, na jibu zuri kuliko yote ulilowahi kuwa nalo maishani lilikuwa limechongwa hapo nyuma yako. Wewe ukamwambia wateja ni wateja. Hapo nilitamani niwe na patasi mimi.

Sasa mama. Alikujibu barua yako yote kwa maneno manne, nawe ukasema haya mama ukarudi kuranda. Amekaa chumba hicho tangu magoti yamshike, mkwe akipita dirishani macho yako kwenye simu, binti ana shughuli zake, kutwa anasikiliza randa. Siku anayofungua hicho kidude chako, watu mia wanamwambia shikamoo mama. Wewe ungekifunga? Hebu niambie, ukiacha siku uliyokwenda kumkabidhi simu, mara ya mwisho kuingia chumbani mle ukakaa ilikuwa lini? Hukumbuki, na mimi sikushangai, ila nimekasirika.

Fanya hivi. Leo hii, ukimaliza kusoma, shika msasa ulifute waridi lote mpaka mistari ionekane. Kisha mwite mkeo karakanani, umwombe ageuke, upitishe kidole kwenye nywele zake mstari mmoja, halafu uchukue mkono wake uupitishe kwenye ubao. Usitafute maneno matamu, maana ukifungua mdomo utataja wateja. Mwonyeshe tu.

Habari ya simu aipeleke mkeo kwa mama yake, maana neno la mkwe likipita kwa binti hufika limepoa. Na hamwendi kunyang'anya mtu kitu. Simu abaki nayo. Afungue ukurasa wake, auite Mama Msasa, awaite wafuasi wahamie huko, aendelee kuwaoza watu vitanda vya futi sita, na wa kwako uufute kimyakimya bila tangazo la kuaga, nishakujua. Wewe chukua kile kisimu chake cha tochi. Mteja akikutaka atakupigia, na umeme ukikatika utaona pa kupita. Mambo ya chumbani kwenu mama aombwe ayaache chumbani. Ya mende nadhani hayarudishiki tena, vumilia.

Benchi lirudi lilikokuwa. Na kila asubuhi kabla ya kushika randa, ingia kwa mama, mwamkie, vuta kiti ukae, usiwe wa kusimama mlangoni na kukohoa. Muulize ameamkaje na usubiri jibu lote, hata likiwa refu, hata likianzia kwenye goti la kushoto likahamia la kulia. Kwa jinsi anavyosimulia, naona mchongo wako unaofuata utautoa mdomoni mwake.

Kitanda kiingie chumbani Ijumaa, na mistari yake. Mama asiwavunje moyo wanawe wa mtandaoni, Jumamosi aende hewani saa ileile aliyoahidi, awaonyeshe yale matofali manne, moja moja, taratibu. Wakiuliza kitanda kiko wapi, awaambie kimepata mwenyewe, na mwenyewe amelala.