Kwa Kaka Anselmi wa Mchafukoge, Aliyeuliza "Huyu Nani?"

Kaka Anselmi, mwaka umekamilika tangu homa ilipokuchukua katikati ya muhula, karatasi za mtihani zikiwa mezani bado hazijasahihishwa. Mimi mdogo wako Winifrida ndiye niliyepewa kalamu kuandika tangazo hili la kumbukumbu, kwa kuwa napiga chapa ofisini, na familia yetu inaamini kupiga chapa na kuandika ni kazi moja. Hukupenda sifa, kwa hiyo nitasema yaliyokuwepo.

Ulifundisha sheria ya familia pale Chuo Kikuu, Mlimani. Darasani ulifundisha kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa, lakini Jumamosi uliwaita wanafunzi nyumbani Mchafukoge, waeleze yale yale kwa Kiswahili mbele ya mkeo Sabaha, aliyekuwa akichambua mchele. Wifi hakuinua macho. Kijana akimaliza kueleza mgawanyo wa mali baada ya talaka, wifi alimwuliza, "Sasa cherehani anachukua nani?" Aliyeshindwa kujibu alipewa chai, akarudi kusoma upya.

Ulikuwa mtembeaji. Masika yakijaza maji Jangwani ulikunja suruali, ukashika viatu mkononi, ukaenda kumtafuta mtu aliyekosa kufika kwenye shauri lake. Kahawa yako ilikuwa ya kusimama, Kariakoo, na ulipenda kusikiliza watu wakibishana bei. Ulisema pale kuna mhadhara wa bure.

Jioni nyingine ulikaa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, katika chumba cha tawi la Chama karibu na Mnazi Mmoja. Sheria inataka wanandoa wanaotaka talaka wapite kwanza barazani kabla ya kwenda mahakamani, na wewe ulikuwa mwenyekiti wa baraza hilo. Nilikuja siku moja kukuletea mwavuli, nikamkuta Hamis, mwenye duka la jumla, amesimama kwa hasira, na Mboni ameketi kandoni mwake akitazama ukuta.

"Huyu ananidharau, Ndugu Mwenyekiti."

"Huyu nani?"

"Si huyu hapa."

"Namwona. Nauliza ni nani kwako."

Hamis akataja jina. Hukuandika kitu. Akasema mama watoto. Ukangoja tena, ukifuta miwani. Mwishowe akasema, kwa shida, "Mke wangu." Mboni akageuka kutoka ukutani. Ndipo ukachukua kalamu ukasema, "Haya. Mkeo amekudharauje?"

Hukujidanganya kwamba neno hilo ni dawa. Wapo waliolitamka vizuri kabisa na bado ukawaandikia cheti kwamba baraza limeshindwa, wakaenda zao mahakamani. Ulichotaka ni wasiachane kama watu waliokutana kwenye foleni ya sukari. Wanafunzi walikubandika jina la Ndugu Huyu-Nani, wakadhani hulijui.

Lakini mganga hajigangi. Wewe Mkristo wa Kilimanjaro na Sabaha Mwislamu wa Lindi mlifunga ndoa bomani, mwaka ule sheria mpya ya ndoa ilipoanza kutumika, na kila mmoja akabaki na dini yake. Kaka yetu mkubwa Eliakimu hakuikubali ndoa hiyo. Hakugombana na mtu. Kila alipokuja mjini alileta ndizi, akala pilau ya wifi, akasifu nyama, akaondoka bila kumwita kwa jina lolote. "Mwambie huyu nimeshiba," aliniambia, na wifi yuko mbele yake.

Nilikuuliza kwa nini humwulizi swali lako.

"Wini," ukanijibu, "baraza halimfuati mtu. Linangoja aje."

Nilikukasirikia siku ile, na bado nimekukasirikia kidogo.

Tulipokuzika kule nyumbani, kwenye kihamba cha baba, shamba la migomba la ukoo, Kaka Eliakimu aliwatambulisha wafiwa mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa wifi akasema, "Na huyu ni mama aliyekuwa akiishi naye mjini." Asiyekuwepo na lake halipo, na wewe hukuwepo kuuliza. Wifi alikuwa amewashika watoto, Agnesi mkono huu na Uwesu mkono ule. Tuliporudi Dar aliniambia hatapanda tena kwenda mahali ambako yeye si mke, na watoto wake hatawaacha waende huko peke yao. Kwa hiyo mwaka mzima wanao hawajaliona tena kaburi lako. Hilo limetuuma kila siku, na hapakuwa na wa kulisuluhisha, maana msuluhishi ndiye tuliyemzika.

Juma lililopita Kaka Eliakimu alishuka kwa basi ili tupange tangazo hili. Tulikaa barazani pako ghorofani, juu ya kelele za mtaa. Wifi alikuwa akituletea chai bila sukari, kwa sababu haijaonekana dukani. Kaka alinitajia wa kuandikwa: wazee wa ukoo, yeye mwenyewe, mimi, watoto. Kisha akaelekeza kidevu upande wa jikoni.

"Na huyu mweke mwishoni."

"Huyu nani?" nikauliza.

Sikukusudia lolote. Nilikuwa na kalamu mkononi na nilitaka jina la kuandika. Lakini wifi alisimama mlangoni na birika lake, na Kaka Eliakimu akanitazama kama nimemwita mbele ya baraza lako la usuluhishi. Sote watatu tulijua swali lile ni la nani.

Chini mtu alikuwa akishusha magunia na kuwatukana wapagazi. Kaka akavua kofia, akaiweka gotini.

"Andika shemeji yangu."

"Msomaji wa gazeti hamjui shemeji yako, Kaka."

"Andika Sabaha," akasema. "Mke wa Anselmi. Mweke wa kwanza." Kisha akainua kikombe, akakitazama, akageukia mlangoni. "Shemeji, chai yangu imepoa."

"Nakuletea nyingine, shemeji," wifi akajibu.

Akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Kaka Eliakimu hakumharakisha. Mimi nililia juu ya karatasi, na ukurasa wa kwanza ikabidi niuandike upya. Kauli hiyo ilipaswa kusemwa kaburini, mbele ya watu wote. Imesemwa Mchafukoge mbele ya birika, nasi tumeipokea, na leo inasomwa na kila mwenye gazeti.

Shule zikifungwa, Agnesi na Uwesu watapanda kuja kukuona. Mama yao atakuja nao, na Kaka Eliakimu amesema atawapokea yeye mwenyewe stendi.

Unakumbukwa na mkeo Sabaha. Wanao Agnesi na Uwesu. Kaka yako Eliakimu, shemeji yake Sabaha. Mdogo wako Winifrida, wifi yake Sabaha. Wazee wa ukoo. Wanafunzi wako wa Mlimani. Na Hamis na mkewe Mboni wa Kariakoo, ambao wameomba watajwe pamoja.

Maadamu tunaitana, Anselmi, hatutakusahau.