Habari Ziwafikie, Popote Walipo

Jumatatu, 3 Septemba 1984. Shinyanga.

Betri za redio ziko juu ya bati la choo tangu asubuhi. Zikipigwa na jua vizuri hunipa matangazo ya vifo, kisha zinakata. Sihitaji zaidi ya hapo. Muziki wa nini.

Ugali wa mtama, maziwa mgando. Peke yangu. Sukari hakuna dukani, sabuni hakuna.

Leo wamesoma vifo vingi. Simjui hata mmoja. Maneno yenyewe nayajua kama Baba Yetu: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani. Halafu: habari ziwafikie fulani wa Kahama, fulani wa Bukoba, popote walipo. Hapo ndipo nasogeza sikio. Tangu Felista wangu afe nasikiliza kila siku, na sijatajwa. Hajafa mtu ambaye watu wake waliona kwamba mimi napaswa kujua. Felista nilimtangaza mwenyewe. Majina yaliyosomwa yote yalikuwa ya kwao. Mtoto hatukujaliwa.

Mama Zaituni, jirani, ameniambia kwa sauti toka uani kwake kwamba wenzangu hutafuta habari za walio hai. Ana mdomo mama huyu. Baadaye kaleta bakuli la kunde. Nimekula, sikumshukuru vizuri.

Jumatano, 5 Septemba

Petro Masanja amekufa. Mzee Petro Masanja wa Nkome, Geita. Nimesikia kwa masikio yangu.

Kengele! Tulimwita Kengele kwa sababu ndiye aliyepiga kengele ya shule miaka yote ya sekondari. Benchi moja tulikaa watatu: yeye, mimi, na Ramadhani. Sanduku moja la nguo, kufuli moja. Tulipomaliza kila mtu akashika njia yake. Tangu hapo sikumwona yeyote. Sikuwatafuta pia. Nilikuwa na mizani yangu pale kwenye kiwanda cha pamba, nikapima pamba za watu mpaka nikastaafu.

Habari ziwafikie wanane. Mimi simo.

Nina huzuni. Nina hasira zaidi. Hata Kengele? Naenda hivyo hivyo, bila kuitwa. Nitamuuliza hapo hapo kaburini.

Ijumaa, 7 Septemba. Nkome.

Basi mpaka Mwanza. Kivuko. Lori mpaka Geita, lori jingine mpaka huku, nimekaa juu ya magunia ya chumvi. Mgongo si wangu tena.

Nimekuta wamekwisha kuzika jana. Wanaume wamekaa kwenye mikeka nje. Nyuma ya nyumba dagaa zimeanikwa mchangani, harufu mpaka kwenye uji. Nilipojitambulisha kuwa ni rafiki wa marehemu wa shuleni, nikapewa kigoda na kuombwa niseme neno.

Nikasema. Nilieleza siku mwalimu aliponilaza kifudifudi anichape viboko kumi na viwili. Alikuwa amefika cha pili, kengele ikalia. Mwalimu yule hakuchapa mtu nje ya saa za masomo hata kwa dawa. Akatupa fimbo, akaenda kula. Haikuwa saa ya chakula hata kidogo. Petro aliipiga kwa ajili yangu, na viboko vyangu vikamwishia yeye jioni. Nilieleza haya nikilia. Mzee mzima, kamasi na machozi.

Watu walikuwa wameinamisha vichwa. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, mjane akasema kwa upole sana: "Asante, baba, umetufariji. Ila huyu wangu hakusoma. Amevua samaki tangu utotoni."

Petro Masanja mwingine! Masanja wako wengi nchi hii kama michembe ya viazi juani, na mimi nimemlilia wa watu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Ndipo mtu nyuma yangu akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa kofia yake iliyoshonwa kwa mkono. Sikio la kushoto limekatika ncha, vile vile kama shuleni. Ramadhani.

Jumamosi, 8 Septemba. Nkome.

Rama naye alisikia redioni, akiwa Geita. Ni fundi cherehani pale. Alifika jana asubuhi, akagundua kosa mapema kuliko mimi, lakini yeye hakuaibika. Baba yake alikuwa Mzaramo aliyeletwa bara na reli, na Mzaramo ni mtani wa Msukuma, kila Msukuma, awe anamjua au hamjui. Kwa hiyo alipofika tu alikamata sufuria ya nyama, akakalia mfuniko wake, akatangaza kwamba marehemu amekufa kwa uvivu wa kula, na haondoki mpaka alipwe kuku. Wafiwa wakacheka mpaka wakalia. Kuku amepewa. Mimi niliyetoa machozi ya kweli ndiye niliyeonekana mwizi wa msiba.

Tuliaga asubuhi. Mjane akakataa. Amesema aliyefika ndiye ndugu, tukae mpaka matanga yaanuliwe. Tumekaa.

Kutwa Rama ananisimulia safari zake, tumekaa kando ya dagaa tukifukuza kunguru. Kigoma. Bujumbura. Lubumbashi, alikoshona sare za polisi. Mombasa, alikooa na kuachwa. Akaniuliza, na wewe mwenzangu? Nikamwambia nimetoka nyumbani hadi kwenye mizani, na nimerudi. Akadhani natania.

Namwonea wivu. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Mchana mwombolezaji mmoja, mtu wa Masumbwe, katuambia kwao yuko Petro Masanja mwingine, mwalimu mstaafu. Hana mengi ya kusema juu yake, ila kwamba ndiye anayegonga ringi la gurudumu la lori pale kanisani, na hachelewi hata mvua inyeshe.

Mimi na Rama tukatazamana.

Jumatatu, 10 Septemba. Masumbwe.

Lori kupitia Segese. Vijana wachimba dhahabu wamejaa njiani, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, kila mmoja anaelekea kwenye shimo aliloota usiku. Rama aliwauliza kama wanataka suruali. Hawakutaka.

Yuko hai.

Amekaa kivulini kwa ukuta wa nyumba, blanketi mabegani mchana wa jua kali. Amekonda. Ana ugonjwa wa koo, humeza kwa taabu. Bintiye, Mama Kulwa, amerudi kwao kumuuguza. Alitupokea kwa shikamoo ya kupiga goti, bila kutujua.

Yeye alitujua. Akasema kwa sauti kidogo iliyobaki: "Mmechelewa. Kengele imeshapigwa."

Nililia tena. Safari hii kwa Petro mwenyewe.

Jumatano, 12 Septemba. Masumbwe.

Siku tatu nzuri. Sijapata siku kama hizi tangu Felista.

Tunabishana. Nani aliiba maembe ya mkuu wa shule. Nani alikojoa kitandani usiku wa simba. Rama anakana yote. Kengele hawezi kusema sana, anainua kidole kimoja kama hakimu, na tunafuata hukumu yake. Nilipomkumbusha viboko vyangu, akasema hakupiga kengele kwa ajili yangu. Alikuwa na njaa tu. Miaka yote hii! Rama alicheka mpaka akaanguka kwenye mkeka.

Jana jioni nikawaambia jambo la redio. Sijui kwa nini. Nikawaambia nasikiliza kila siku nione kama kuna atakayetaka habari zinifikie. Nilidhani watanyamaza. Rama akasema: "Msukuma wewe, ukitaka kutajwa redioni njia ni fupi. Kufa." Wakacheka wote wawili. Kengele alicheka hadi kikohozi kikamshika, Mama Kulwa akaja mbio na maji.

Imeniuma. Utani una mipaka, au mimi nina ngozi nyembamba. Labda yote.

Kikohozi kilipotulia, Kengele akaniuliza tu kama bado nakaa Shinyanga mjini au nimerudi kijijini kwetu. Nikamjibu kwa ukali, mjini.

Kesho tunaondoka.

Jumamosi, 22 Septemba. Shinyanga.

Nyumba hii ilikuwa kimya kila siku. Sasa kimya chake nakisikia. Nimerudi na kilema ambacho sikuondoka nacho.

Mama Zaituni alifagia ua wangu nilipokuwa safarini. Ametaka kujua nilikokuwa. Nikasema msibani. Akauliza, wa nani?

Jumapili, 14 Oktoba

Rama aliahidi kuja baada ya wiki mbili. Hajaja. Dizeli hakuna, najua. Lakini mtu aliyefika Lubumbashi anashindwaje kufika Shinyanga?

Jambo la ajabu. Nasikiliza matangazo bado, ila nasikiliza vingine. Zamani nilisubiri mwisho, kwenye majina. Sasa roho iko juu mwanzoni, pale wanaposema anasikitika kutangaza kifo cha. Nikishasikia si Masanja, nazima. Habari ziwafikie wanaowataka wao.

Leo ametajwa Masanja. Wa Maswa, mwanamke. Nikazima kabla ya majina.

Alhamisi, 25 Oktoba

Mawingu tangu juzi. Betri zimelala. Nilizianika hivyo hivyo, nikaenda kuchimba mitaro kabla mvua haijashuka. Redio ilikuwa mezani, tupu.

Mama Zaituni amekuja anakimbia, mkono una unga hadi kwenye kiwiko. Nimetajwa, anasema. Mzee Nestori, umetajwa redioni! Alikuwa amefurahi. Alipoona uso wangu akakumbuka ni matangazo gani, akaketi chini pale pale kwenye udongo.

Nikamwomba aseme yote, polepole. Mama Kulwa wa Masumbwe anasikitika kutangaza kifo cha baba yake, Mwalimu Petro Masanja. Habari ziwafikie Nestori Luhende wa Shinyanga mjini na Ramadhani Mwinyi wa Geita, popote walipo. Mazishi yatawasubiri. Kisha ndio ndugu.

Nikamwuliza kama kweli mimi nilitangulia. Akasema wa kwanza kabisa.

Nikamwomba arudie. Alirudia mara tatu, hakuchoka. Mwenyewe sikusikia. Miaka yote nimekaa na redio sikioni, na siku yenyewe nilikuwa kwenye mtaro na jembe.

Ningetoa kila kitu nisitajwe.

Jumamosi, 27 Oktoba. Masumbwe.

Walisubiri kweli. Jeneza lilikuwa ndani, mlango umefunguliwa, watu wamekaa. Nilipotokea na kifurushi changu mtu akasema, huyo ni wa Shinyanga, na wote wakasimama. Mimi. Mpima pamba.

Rama alifika kabla yangu kidogo. Mama Kulwa katuambia baba yake alianza kumwagiza siku ile ile tulipoondoka. Alimfanya ayakariri majina yetu kila jioni kama sala, na akamkataza kuzika mpaka tufike. Alimwambia: yule wa Shinyanga aanze, ana kinyongo.

Tulipofika kaburini, nyuma ya nyumba, watu wakamtazama Rama. Mtani kafika, watani hawazuiliwi. Akina mama walikwisha kuweka sufuria karibu ili aikamate. Mzee mmoja akamwita, mtani, vipi leo? Rama alifungua mdomo. Hakutoka neno. Alikaa kitako kando ya kaburi, kofia mkononi, na yule wa Lubumbashi na Mombasa akalia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Kwa hiyo nilisema mimi, ambaye si haki yangu. Nikasema marehemu alikuwa mlafi. Alipiga kengele kabla ya saa kwa sababu ya njaa, akasingizia urafiki. Watu wakacheka kidogo. Rama akanitazama, akatikisa kichwa kwamba sawa.

Jumapili, 4 Novemba. Shinyanga.

Mvua ya kwanza. Udongo unanukia.

Rama alinisindikiza mpaka hapa. Amelala kwangu siku nne, amenishonea kola ya shati, ameondoka leo asubuhi. Atakuja tena au hatakuja.

Jioni nimekwenda kwa Mama Zaituni kurudisha bakuli zake. Zilikuwa nyingi, sikujua. Nikamwambia nikifa, habari ziwafikie Ramadhani Mwinyi wa Geita na Mama Kulwa wa Masumbwe. Hao tu. Akanikemea kwamba najitabiria. Baadaye nikamsikia akiyataja majina yale kwa sauti ya chini huku anachambua mchele, asiyasahau.

Halafu akauliza: na anayesikitika kutangaza, atakuwa nani?

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa bado mlangoni.

Akasema, basi kaa, chai ipo. Haina sukari.

Nimekaa.