Mkono wa Mama Mkutanoni

Itandila, Rungwe
Juni

Kaka yangu Alinanuswe,

Pokea salamu nyingi za huku nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe, wifi Lea na watoto wote hapo Kihesa. Sisi tunapumua, niseme hivyo, maana nikisema hatujambo nitakuwa nakudanganya. Baridi ya mwaka huu imewahi, na chai inatuozea mashambani kwa kuwa barabara ya kiwandani bado imekatika pale darajani. Barua nimempa Peter, yule anayepeleka ndizi Iringa, nikamwomba akukabidhi wewe mwenyewe. Najua utashangaa kwa nini sikupiga simu. Nimejaribu. Nikishika simu mama yuko karibu, na hata asipokuwepo, maneno haya yanagoma kutoka.

Mama bado yuko kwangu, analala chumba cha watoto. Anakula kidogo sana. Kutwa anachambua maharage ambayo yameshachambuliwa. Masumbuko, mume wa marehemu Devota jirani ya mama, hupita hapa akitoka shamba, anatua kuni mlangoni na kumwamkia mama kwa heshima ileile ya siku zote. Akiondoka, mama anayamwaga maharage na kuanza kuyachambua upya. Nafikiri Masumbuko angemtukana, mama angepata nafuu.

Siku ya mazishi, ukiwa unapanda gari, uliniuliza kwa nini mama hakukubali hata kuagana nawe. Nilikujibu ni majonzi. Yalikuwepo majonzi, lakini hayakuwa peke yake. Acha nikueleze tangu mwanzo, kwa kuwa hukuwepo, na waliokusimulia hawakujua yote.

Mwaka jana, tulipomaliza kuvuna viazi, walikuja wataalamu wa mipango ya ardhi. Aliyewaongoza ni dada mmoja anaitwa Eveline. Tulizoea wageni wanaokuja na karatasi zao tayari, sisi tunapiga makofi tu. Huyu alikuja mikono mitupu. Alisema kijiji ni chetu na wa kukipanga ni sisi, akatuomba tukichore pale uwanjani shuleni. Tukamwaga majivu yakawa barabara, tukalaza majani ya mgomba yakawa mito, magunzi yakawa nyumba. Wazee walibishana kuhusu mipaka hadi wakacheka. Kisha akatuuliza tungependa wajukuu wetu wakae wapi.

Wa kwanza kujibu alikuwa Devota. Unamkumbuka, hakuwa msemaji. Alisema watu wa kitongoji cha Lubala, huko juu, hawalali vizuri. Chemchemi inatoa tope hata siku zisizo na mvua, migomba imeinama upande mmoja, na juu ya kahawa yake ardhi imefunguka ufa ambao mkono unazama mpaka kwenye kiwiko. Eveline alipanda naye kwenda kuuona. Aliporudi alisema Lubala si mahali pa kulala watu, na kwamba Devota ameona sawasawa.

Ndipo likatoka wazo la kuihamisha Lubala yote chini, kwenye lile shamba la zamani la kijiji kando ya barabara, na mlima upandwe miti. Viwanja vingetolewa bure. Lakini Eveline hakutaka kudanganya watu. Alisema wazi kuwa fidia ya nyumba haipo. Kila mmoja angebomoa na kujenga upya kwa nguvu zake. Akaacha watu wa Lubala wakafikiri, waje waamue wenyewe mkutano unaofuata. Mimi nimeolewa huku bondeni, sikuwa na sauti katika hilo, lakini nilikuwa nikimwona Devota akizunguka mlango kwa mlango, mtoto mgongoni, akiwabembeleza wenzake. Karibu wote walikuwa wamekubali. Hata mama.

Siku ya mkutano mama alikaa mbele na akina mama wenzake wa kanisa. Mwenyekiti alipoomba wanaokubali kuhama wanyooshe mikono, watu wa Lubala waligeuka kwanza kumtazama yeye. Ndivyo walivyozoea, msiba, harusi, ugomvi wa mume na mke, wanaangalia mama atasemaje. Mkono wake ulibaki mapajani. Mkono wa Devota ulikuwa juu. Akamtazama mama, akasubiri, akaushusha polepole, na mingine michache iliyokuwa imeinuka ikashuka.

Mama akasimama, akasema, "Ardhi iliyotulea haiwezi kutuzika. Mimi sihami."

Devota akajibu kwa sauti ndogo, "Basi na mimi nabaki na mama."

Eveline alirudia swali kwa upole, akataja tena ule ufa. Mama akamshukuru kwa kazi yake na kukaa. Ikaamuliwa Lubala ibaki kuwa makazi.

Yaliyotokea mwezi wa nne unayajua, ila huyajui kama tuliokuwepo. Ilikuwa Jumapili asubuhi, baada ya mvua ya siku nyingi. Mama alikuwa ameshashuka kanisani kufuta mabenchi. Nilisikia mlio kama lori linamwaga mawe, ila hili halikumaliza kumwaga. Tulipofika, palipokuwa na nyumba ya Devota na mbili za chini yake palikuwa na tope tupu, linatoa mvuke. Tulichimba kwa majembe, halafu kwa mikono tukiogopa kuwaumiza. Devota alikuwa akiwaogesha watoto wajiandae na ibada. Tulimkuta na mdogo kifuani, beseni liko kando yao. Masumbuko alikuwa sokoni Mwanjelwa kuuza ndizi. Aliporudi alitukuta tumeshawaosha na kuwafunika shuka za kanisa.

Nyumba yako uliyomjengea mama haikuanguka. Tope lilipita ubavuni mwake, likachukua jiko na zizi.

Kisha ukaja kuzika, na makaburini ukaomba kusema. Ulisema kwa uchungu wa kweli, sikatai. Ulisema, "Mliulizwa. Mlipewa nafasi ya kupanga maisha yenu wenyewe, mkaichezea." Walioshiba lawama zao wenyewe wanajibu nini? Mama aliinamisha kichwa pamoja nao.

Sasa nisikilize, kaka. Mama alikataa kuhama kwa sababu yako.

Jioni ya kuamkia mkutano nilikuwa kwake, tunapukuchua mahindi. Ukapiga simu. Unajua masikio yake, simu huiweka sauti kubwa. Akakueleza kuwa ufa ule ameuona kwa macho yake na kesho atakubali. Ukafoka. Ukasema wanaochora kijiji kwa majivu wanacheza kama watoto. Ukasema, "Nimelala njaa Iringa miaka yote ili wewe ulale chini ya bati. Ukinyoosha mkono kesho, umeibomoa nyumba yangu kwa mkono huohuo. Na mimi huko sitakanyaga tena." Ukakata.

Mama alikaa na ile simu mapajani. Baadaye akaniambia, "Nina mwana mmoja wa kiume. Nikimpoteza huyu nimebaki na nini?" Nikamwambia ana mimi. Akanishika mkono, akaniapisha nisilitoe neno hilo kwa mtu yeyote, wewe ukiwa wa kwanza.

Labda umesahau. Mtu akichoka husema mengi. Na jasho lako nalijua. Najua ulivyobeba mifuko ya saruji ya watu kabla hujapata duka lako. Sikuandikii ili nikuhukumu. Nakuandikia kwa sababu pale makaburini uliwatwisha watu wale mzigo ambao nusu yake ni wako, na nusu hiyo mama anaibeba peke yake.

Wiki iliyopita Eveline alirudi. Hakulaumu mtu. Tukachora tena uwanjani, na ilipofikiwa Lubala hakuna aliyeweka gunzi. Mama alisimama. Alisema, "Siku ile mlinitazama mimi. Leo msinitazame, tazameni mlima." Kijana mmoja akamuuliza kwa nini alikataa wakati ufa aliuona. Akajibu kwamba aliogopa kupoteza nyumba. Jina lako hakulitaja. Masumbuko alikuwa amekaa nyuma, akatoka nje ya uwanja, na hakurudi mpaka mkutano ulipokwisha.

Iliamuliwa Lubala yote iwe msitu, na nyumba zilizobaki zibomolewe kabla ya mvua nyingine. Yako imo. Mama alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Anaomba mabati, milango na madirisha yake apewe Masumbuko, ajengee kwenye kiwanja alichogawiwa kando ya barabara, lakini amesema mali ni yako na ruhusa ni yako. Habari yako ya kumhamishia kwako Kihesa mama ameikataa. Anasema atakaa hapa hapa, awaone watu hao kila siku na wao wamwone.

Njoo, kaka, kabla ya kubomoa. Lakini usimwambie mama kuwa nimekuandikia. Mwambie wewe mwenyewe kwamba unakumbuka ulichosema.

Mume wangu anakusalimu, na watoto wanamuulizia mjomba wao. Mbusu wifi Lea kwa niaba yangu, umwambie ndizi alizoagiza Peter anazo. Mungu awalinde, na sisi atuangalie.

Ni mimi mdogo wako,
Ikupa