Gari ya umeme yenye inakunywa esansi

Bunia, Jumanne usiku

Ati ile gari mupya ya umeme inaenda mbali mara mbili kuliko hii yetu. Bwana yangu Kambale amerudilia hayo maneno tangu asubui. Picha iko mu telefone yake, anaionyesha hata mama wa kuuzisha samaki.

Mbali ni wapi? Gari yetu inatoka kwetu Lumumba, inafika kanisani, inarudi. Hata hiyo safari inaishindaka. Jumapili batri ilizimika mbele ya korali muzima, nikaisukuma nikiwa nimevaa kitenge changu cha ibada, yeye ameshika usukani kama waziri.

Na umeme wenyewe hatuna. Kila jioni tunawasha grupe, ile mashini ya kutoa umeme, nyuma ya jiko juu ya kuchaji gari. Gari ya umeme, lakini inakunywa esansi kupita pikipiki ya jirani. Jirani anatuchekaka. Hata mimi ningecheka.

Leo tukiwa tunakula, nikachoka. Nikamuambia: "Weye unatafuta gari ya kufika mbali, na siye tangu vita hata barabara ya Nizi, hapa karibu tu, hatujaipita tena. Siku ya kukimbia, utaomba watu wa silaha wangoje kwanza gari ishibe?"

Nilizani atakasirika. Akaweka kijiko chini, akaangalia watoto, akasema polepole: "Mama Furaha, ni juu ya ile siku ya kukimbia ndio naitafuta."

Nilikuwa nimebakiza maneno mengine ya kumuchoma. Nikayameza. Nikasimama, nikaenda kuongeza esansi mu grupe.