Damu ya Mudogo Wangu

Mujukuu wangu Mapendo,

Huku Muhumba tuko salama, na maman yako anakusalimia. Unauliza kama hospitalini wanakudanganya, kukutoa damu kila mwezi juu ya dawa ya kifua kikuu, na wewe unajisikia vizuri.

Wakati wa Zaïre, mimi pia nilikunywa vidonge vile. Infirmier, muuguzi wa kituo cha afya cha mulimani, alitaka damu, ati ya kuangalia maini. Watu walisema anaiuzisha. Basi nikamutuma mudogo wangu Faida na karte yangu ya matibabu, kwa sababu tulifanana sana. Majibu yalitoka mazuri, nikaendelea kumeza hata chakula kilipoanza kunichukiza.

Juma lile lile infirmier akafika kwetu bila kuitwa.

“Mugonjwa wangu hapandi mulima wetu bila kukohoa,” akasema. “Yule aliyekuja alipanda akiimba.”

Akanivuta mulangoni, penye mwangaza. Macho yangu yalikuwa manjano. Vidonge akavisimamisha siku hiyo, na maini yalipopona wakanipa dawa ingine.

Kumbe alikuwa na mashaka kunishinda.

Wewe baki na mashaka yako, Mapendo. Omba wakuonyeshe majibu, uliza yanasema nini. Lakini mukono upeleke wako.

Koko wako