Kuulizia Nyumbu Kiziwi

Kijito cha Bell, Humboldt
Oktoba 9

Kwako mdogo wangu Verna,

Pokea salamu kutoka kilimani, halafu uniambie kama hiyo nyonga ya chuma waliyokutia inakubali kukunjika au bado unatembea kama lango lililong'oka bawaba. Roxanne anayekuuguza aliniambia kwenye simu kwamba umeshaanza kumfokea daktari. Nikashukuru, maana wewe ukinyamaza ndipo huwa naogopa. Mimi ni mzima. Magoti yanalia, meno yamebaki saba na yote hayaelewani, lakini kula nakula. Mitungi yako naifungua kila siku ipate hewa kama ulivyoniagiza, robo saa, si zaidi, na siivuti bangi iliyomo. Nimevuta kidogo tu, ya kuonja.

Sasa nikupe habari za mjini. Nitakuwa naandika kwa hasira, kwa hiyo usishangae kalamu ikitoboa karatasi.

Ulipoondoka kwenda huko Oregon kupasuliwa uliniachia kazi moja. Ulisema niende kwenye maduka ya bangi pale mjini Eureka niulizie Nyumbu Kiziwi, hiyo bangi yako, kama mteja yeyote, kwa sababu maduka huweka rafuni kile ambacho watu wanakiulizia, na kisichoulizwa hakiwekwi hata kiwe kizuri namna gani. Ulisema duka lisipoagiza mavuno haya kabla Oktoba haijaisha, hulipii tena leseni, na kilima unawauzia wale wanaolima kwenye mabanda ya plastiki kule bondeni. Ulisema bila kulia, ukiwa unafunga begi. Mimi nikasema sawa, nikatoka nje nikapiga teke ndoo.

Duka la kwanza lilinitaka kitambulisho kabla sijavuka mlango. Nina miaka sabini na minane, Verna. Nina makunyanzi ambayo yenyewe yameshatimiza ile miaka ishirini na moja wanayoitaka. Yule mlinzi akakigeuza kitambulisho changu juu chini kama anatafuta kosa, na mimi nikakumbuka enzi zile tulipokuwa tunaipeleka mjini chini ya magunia ya viazi na hakuna aliyetuuliza tumezaliwa lini. Ndani pamekaa kama zahanati, kila kitu cheupe. Nikaulizia Nyumbu Kiziwi. Binti wa kaunta akaniuliza kama hiyo ni dawa ya mifugo.

Duka la pili ndilo lile kubwa, lenye matawi matatu. Pale kuna kijana anaitwa Kyler, ana pete puani kama fahali wa maonyesho, lakini adabu anayo. Nikamwomba Nyumbu Kiziwi. Akaniletea kitu cha kampuni kubwa ndani ya kopo, akasema mzee chukua hii, ina asilimia thelathini na mbili. Nikamuuliza asilimia thelathini na mbili ya nini. Akasema ya ukali. Nikamwambia mimi sitafuti ukali, mke wangu wa kwanza alikuwa nao wa kutosha. Nataka bangi iliyopandwa kwenye udongo na mtu ninayeweza kumtukana, ikaanikwa taratibu gizani, ikakatwa kwa mkasi na kukaa kwenye mtungi wa kioo mpaka inukie. Akacheka, akaandika ombi langu kwenye daftari lao. Lile kopo nililinunua kwa aibu. Lilikuwa na kifuniko cha kuzuia watoto, nami nikashindwa kulifungua mpaka nikalikanyaga kwa gari. Ndani mlikuwa na kitu kikavu kama majani ya chai ya mwaka juzi.

Niliporudi mara ya pili nilivaa kofia nyingine ili wahesabu kuwa ni mteja mwingine. Mara ya tatu nikavaa miwani ya marehemu mumeo Hollis, nikagonga meza iliyokuwa njiani. Kyler akasema, "Babu, leo umekuja ukiwa nani?" Nikamwambia mimi ni mgeni, natoka Nevada. Akaandika hivyo hivyo. Wenzetu wa kilimani nao walikuwa wanapita mmoja mmoja kuulizia, hata Mchungaji Lindqvist, aliyedai ni ya mgongo wake.

Juzi nikaenda mara ya nne, bila kofia, nimechoka kuigiza. Kabla sijafungua mdomo Kyler akanitazama kwa huruma, akasema pole mzee, hiyo mali haitakuja tena, bosi ameifuta. Nikauliza kwa nini. Akashusha sauti.

"Yule mama mwenye shamba alishafariki. Na shamba lenyewe liliungua lote."

Verna, nilipiga kaunta mpaka makopo yakacheza. Nilimwambia mfu anayemsema yuko Oregon anamtukana daktari. Wateja wakageuka, mlinzi akasogea. Kijana wa watu akaniomba nipunguze sauti, akanieleza kwa utulivu kwamba maombi yalikuwa mengi mno, daftari limejaa jina la Nyumbu Kiziwi, mpaka bosi wake, Bi Delia Ocampo, akaona huu si mchezo. Alikupigia simu ikawa haipokelewi. Basi wiki tatu zilizopita akapanda kilimani mwenyewe kulitafuta shamba ili aagize mavuno yote. Umenisikia? Yote. Na huko kilimani ndiko alikoambiwa kwamba umekufa.

Nilitoka mle nikakaa ndani ya gari bila kuliwasha. Jana nikaanza kukuandikia barua hii, na ilipofika hapa ilikuwa na ukurasa mzima wa kuwalaani watu wa bondeni. Niliandika kwamba ni wao waliokuzika ukiwa hai, kwa sababu wanakitaka kilima. Nikaandika na majina ya mama zao. Ulikuwa ukurasa mzuri, hata mwalimu wetu aliyenifukuza darasa la nane angeusifu. Asubuhi hii nimeusoma tena, nikauchana, nikautia motoni.

Kwa sababu Kyler aliniambia na jambo jingine. Alisema Bi Ocampo aliambiwa habari hizo na mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya, aliyekuwa amesimama kwenye masanduku ya barua pale njiapanda.

Kofia hiyo unaijua. Uliishona wewe.

Ilikuwa hivi. Nilikwenda kuangalia barua, ikaja pikapu nyeupe, safi, ina nembo mlangoni ambayo sikuisoma. Akashuka mwanamke mwenye buti ambazo hazijawahi kukanyaga tope, ana ubao wa kuandikia mkononi, anatabasamu. Akasema anamtafuta Verna Stroud. Verna, sikufikiri hata kidogo. Mdomo ulijibu wenyewe. Nikamwambia, "Verna? Masikini, huyo tulishamzika. Na shamba liliungua mwaka juzi, hakuna kitu huko ila miiba." Nikamwonyesha barabara ya daraja lililosombwa na maji, nikavua kofia kwa heshima ya marehemu. Niliporudi nyumbani nilijipongeza kwa kikombe cha kahawa. Nilijiona bado mwerevu.

Unajua nilimwona nani pale. Nilimwona yule bibi mpelelezi wa mwaka 1986, naye alikuwa na gari jeupe na buti safi, aliyemuuliza jirani yetu mzee Tuttle njia ya kwa Hollis kwa sauti tamu. Tuttle akamwonyesha, kwa wema tu. Kesho yake helikopta za serikali zikatua shambani, kila mtu akakimbia msituni isipokuwa yule nyumbu kiziwi, ambaye jina lake uliipa bangi yako, aliyeendelea kula, na mumeo akaenda kukaa jela miezi kumi na minane. Toka siku ile kilima kizima tuliapa kwamba mgeni akiuliza jina, hakuna mtu wa jina hilo, na akiuliza njia, apelekwe mtoni. Nimekula kiapo hicho miaka karibu arobaini. Sheria ikabadilika, wewe ukapata leseni yenye muhuri, ukaitundika ukutani, na hakuna aliyekuja kunifungua mdomo. Haya ndiyo yanayonitia hasira kuliko asilimia zao na makopo yao. Walitufundisha kunyamaza kwa bunduki, sasa tunakufa njaa kwa sababu tumeelewa somo.

Basi ndiyo hiyo. Aliyekuua ni mimi. Ulinituma kuliulizia jina lako kila duka, nikaliulizia kwa kofia na miwani, na mtu wa kwanza aliyelijia nikamfukuza.

Leo nimeshuka posta nikampigia simu Bi Ocampo. Nilimweleza kila kitu, na ya helikopta. Akasema, "Mzee, mimi siku ile nilirudi nyumbani nikamwashia mshumaa mtu nisiyemjua. Wewe umemuua dada yako kwa sababu ya buti zangu?" Nikasema ndiyo, mama. Akacheka, lakini si kicheko cha raha. Akasema atakuja tena Alhamisi ya wiki ijayo, mara hii moja tu, na hataagiza hata wakia moja mpaka amwone mwenye shamba amesimama mbele yake, kwa sababu neno langu hawezi tena kulitegemea.

Kwa hiyo njoo, Verna. Mwambie Roxanne akulaze kiti cha nyuma na mito. Ukifika unitukane kwanza, halafu tuchambue mitungi. Alhamisi nitapeleka kiti njiapanda tangu alfajiri, nimngojee pale. Leo nikirudi kutoka posta nilijizoeza pale. Alipita mtu akiuliza kituo cha mafuta. Nikamwonyesha, kisha bila kuulizwa nikamwambia dada yangu anaitwa Verna Stroud, yu hai, anakaa juu ya kilima kile, pinda kushoto kwenye mti uliopigwa radi, na hakuna anayepanda bangi kumshinda. Akanishukuru kwa woga, akaondoka. Lakini nililisema jina lote.

Nisalimie Roxanne na mumewe yule asiyecheka. Msalimie na daktari, mwambie nyonga akiikosea nitamwelekeza kwenye lile daraja. Mchungaji anakuombea, mgongo wake haujambo.

Ni mimi kaka yako, mwenye kosa,
Ferrell Stroud