Mbegu za Nzioka Zilingoja Mvua ya Pili

Jumapili, 7 Machi 2004
Nimefagia jikoni. Nimegeuza mahindi ya mbegu yanayoning'inia juu ya mafiga, moshi uyafikie upande wa pili. Ni ya mwisho kuchaguliwa na marehemu mume wangu, Nzioka. Yakipotea haya, sina mengine ya mkono wake.
Binti yetu Mumbua amefika Isinya kutoka kituo cha utafiti anakofanya kazi. Amekuja na kompyuta.

Jumatatu, 8 Machi
Amenihoji asubuhi yote. Mwaka gani tulivuna, mwaka gani tulikosa. Nakumbuka kwa vitu vidogo. Jino la kwanza la Mumbua liling'oka mwaka wa njaa. Nzioka alininunulia viatu vyekundu mwaka ghala lilipojaa. Yote ameingiza, pamoja na mvua za zamani na udongo wetu mweusi. Kompyuta inapanda shamba kwa hesabu kabla sisi hatujashika jembe.
Imesema mvua ya kwanza itakatika. Tungoje ya pili, tutapata magunia matano.
Nzioka alipanda kwenye vumbi, kabla ya tone. Nikauliza kama alikuwa anakosea.
"Hapana, Mama. Nimejaribu njia yake pia humu ndani. Miaka mingi anashinda. Mwaka huu hapana."
Naogopa.

Jumatano, 17 Machi
Imenyesha. Watu wote wako shambani. Mama Mwende, jirani yangu, alisimama kwenye ua na jembe begani.
"Mama Mumbua, hiyo kompyuta imenyeshewa ama?"
Nilicheka. Moyoni sikucheka.

Jumamosi, 27 Machi
Mahindi ya Mama Mwende yameota. Mazuri sana. Nilishusha mbegu nikaziweka kwenye ungo. Nikazirudisha juu ya moshi. Mumbua amesharudi kazini, hajui. Sikuweza kutazama picha ya Nzioka.

Jumanne, 6 Aprili
Jua kali tangu wiki jana. Ng'ambo ya ua mahindi yamejikunja, yamekufa. Sina furaha. Nimempelekea Mama Mwende muthokoi, mahindi ya kukoboa niliyopika na maharagwe.
"Hata hunicheki?"
"Nicheke nini, na njaa haina ua?"

Jumatatu, 12 Aprili
Mvua ya pili. Nzito. Nimechimba kwa mkono kama Mumbua alivyonionyesha: unyevu mpaka kiwiko. Nikapukuchua punje za katikati tu, kama Nzioka. Nilitaka kubakiza hindi moja jikoni. Halafu nikaona huko ni kumwambia mtoto wangu simwamini.
Nimepanda yote.

Jumamosi, 14 Agosti
Tumepiga mahindi. Magunia manne na debe moja. Mumbua aliangalia gunia la tano, karibu tupu, uso ukamshuka.
"Mama, kompyuta imekosea."
Nikamwonyesha shamba la ng'ambo. Akalifunga gunia.
Mama Mwende alikuja kutusaidia kupepeta. "Binti ya Nzioka, msimu ujao na mimi uniingize humo. Niko na udongo mweusi pia."
Fahari ilinijaa kifuani. Baba yake angezunguka Isinya yote akimtaja.

Jumapili, 15 Agosti
Mumbua ameondoka. Mahindi tuliyotenga ya mbegu nimeyafunga kwa maganda yake, mawili mawili. Nusu yananing'inia juu ya mafiga yangu. Nusu nimempelekea Mama Mwende, tukayaning'iniza kwake pamoja. Alikoleza moto, moshi ukapanda.
Sasa mbegu za Nzioka ziko kwenye majiko mawili.